Mwandishi wa Safu wa Kihafidhina na Dhana ya "Tarumbeta ya Chama"

Muhula huu nimesahihisha insha thelathini na moja kuhusu waandishi wa safu, na katika zaidi ya nusu yake nimekuta sentensi ileile iliyobadilishwa nguo tu, kwamba mwandishi wa safu wa kihafidhina ni tarumbeta ya chama chake iliyokodishiwa nafasi gazetini. Nimewahi kuisikia hata kwa wahariri wenye mvi, ambao hawana udhuru wa ugeni. Kwa kuwa mfano ninaoutumia darasani ni William Safire, Mmarekani aliyeandika safu ya maoni katika New York Times kuanzia 1973 hadi 2005, nitaijibu kwa kufuata maisha yake, kisha nizipitie dhana nyingine chache kwa haraka.

Dhana: Alitoka Ikulu ya Marekani, kwa hiyo aliendelea kuitumikia

Nakiri kwamba dhana hii haikuzuka hewani. Safire alizaliwa New York mwaka 1929, akaacha masomo ya Chuo Kikuu cha Syracuse baada ya miaka miwili, akaingia katika kazi ya uhusiano wa umma, na ni yeye aliyefanya hila mwaka 1959 hadi Richard Nixon, wakati huo Makamu wa Rais, na Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, wakajikuta wakibishana ndani ya jiko la maonyesho mjini Moscow, kwa sababu nyumba ile ya mfano ilikuwa ya mteja wake. Nixon alipoingia madarakani kama Rais mwaka 1969, Safire akawa miongoni mwa waandishi wa hotuba zake. Mchapishaji wa New York Times, Arthur Ochs Sulzberger, alipomwajiri mwaka 1973, wakati kashfa ya Watergate, iliyokuja kumng'oa Nixon, ikichemka, wapo wanahabari waliouona uamuzi huo kuwa ni kumkaribisha mpishi wa adui jikoni. Mwanafunzi wangu hufika hapa, huweka kalamu chini na kujipa alama zote, ilhali habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Muda mfupi baada ya Safire kuanza safu yake, ilifichuka kwamba simu yake ilikuwa imetegwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwaka 1969, akiwa mmoja wa maofisa na waandishi wa habari 17 waliosikilizwa kwa siri wakati utawala wa Nixon ukimsaka mtu aliyekuwa akivujisha habari zake. Yaani mtu aliyekuwa akimtungia Rais maneno mchana alikuwa akitegewa sikio na Rais huyohuyo usiku. Safire hakulimeza jambo hilo kwa heshima ya mwajiri wake wa zamani. Alilaani hadharani, na tangu hapo haki ya mtu kutopekuliwa na serikali ikawa suala ambalo hakumsamehe mtu yeyote, awe wa chama gani.

Ifuateni miaka inayofuata. Mwaka 1987, Rais Ronald Reagan akiwa kipenzi cha wahafidhina wote, Safire alimshambulia mke wake, Nancy Reagan, kwa kujiingiza katika kumwondoa Donald Regan, mkuu wa watumishi wa Ikulu. Mwaka 1992, kwa maelezo yake mwenyewe, alimpigia kura Bill Clinton wa Democrat dhidi ya George Bush mzee wa Republican, chama cha wahafidhina. Anayedhani kwamba hapo alikuwa amehama upande na asome makala yake ya Januari 1996, alipomwita Hillary Clinton, mke wa Rais, mwongo wa kuzaliwa, hata msemaji wa Ikulu akatangaza kwamba Bill Clinton, lau asingekuwa Rais, angelitoa jibu lake kwenye pua ya mwandishi. Novemba 2001, miezi miwili tu baada ya mashambulizi ya 11 Septemba, wakati kumkosoa Bush mdogo kulikaribia kuhesabiwa usaliti, aliandika kwamba Rais anajitwalia mamlaka ya kidikteta kwa amri yake ya kuwafikisha wageni washukiwa wa ugaidi mbele ya mahakama za kijeshi. Mwaka uliofuata aliushambulia kwa hasira mpango wa Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, ulioongozwa na John Poindexter, wa kukusanya taarifa za miamala na safari za raia katika hifadhi moja kubwa; Bunge la Marekani likaukatia fedha mwaka 2003.

Makala ile ya mahakama za kijeshi huwagawia wanafunzi ikiwa imefunikwa jina la mwandishi. Kila mwaka darasa hukubaliana kwa sauti moja kwamba aliyeiandika ni wakili wa haki za binadamu wa mrengo wa kushoto. Nikifunua jina, kimya kinachofuata ndicho mshahara wangu halisi.

Hapo basi naomba nisieleweke vibaya, maana kuna wanaorukia ukingo wa pili na kusema kwamba kumbe Safire hakuwa mhafidhina kamwe. Alikuwa, tena wa dhati. Aliamini serikali ndogo, uhuru mpana wa mtu binafsi na mkono mgumu katika mambo ya nje; aliitetea Israeli kwa ukali, na aliwapigania Wakurdi kwa miaka mingi, akiwalaumu Henry Kissinger, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Nixon, na Bush mzee kwa kuwatelekeza. Dira alikuwa nayo, ila haikuwa imetunzwa katika ofisi za chama.

Dhana: Anachoandika mwandishi wa safu ni msimamo wa gazeti

Hili nimelichoka. Msimamo wa gazeti umo katika tahariri isiyo na jina. New York Times ilianzisha ukurasa wake wa maoni Septemba 1970 na kuuweka ukitazamana na ukurasa wa tahariri, makusudi ili sauti zinazotofautiana na gazeti zipate mahali pa kukaa. Safire alialikwa pale kwa sababu gazeti halikukubaliana naye.

Dhana: Maneno makali ya 1970 ya Spiro Agnew, Makamu wa Rais wa Nixon, yaliwalenga waandishi wa habari

Maneno yale ya San Diego, "nattering nabobs of negativism", yaliyotungwa na Safire na kuanza kwa sauti ya "n" mfululizo, yaliwalenga wakata tamaa kwa ujumla. Hotuba ya Agnew dhidi ya televisheni ni ya Des Moines, Novemba 1969, na iliandikwa na Pat Buchanan. Wanafunzi wangu huwa hawaoni ustadi wa urudiaji ule wa sauti, pengine kwa sababu upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili hutupatia mwangwi kama huo bure kila siku.

Dhana: Tuzo ya Pulitzer ilithibitisha kwamba mtuhumiwa wake alikuwa na hatia

Safire alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 1978 kwa makala kuhusu mambo ya kifedha ya Bert Lance, mkurugenzi wa bajeti wa Rais Carter, aliyejiuzulu Septemba 1977. Lakini Lance aliposhtakiwa, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru kwa mashtaka mengi mwaka 1980, na yaliyobaki yakafutwa. Baadaye yeye na Safire wakawa marafiki. Tuzo hupima uandishi, na hukumu hutolewa mahali pengine.

Dhana: Aliyewathubutia wakubwa wa pande zote hakosei

Hii ni ya mashabiki wake, nami nimewahi kuwa mmoja wao. Safu yake ilitoka Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi ya tarehe 15 Novemba 2001 ndipo ilipotoka makala ya mahakama za kijeshi ninayoisifu darasani. Jumatatu ya wiki hiyohiyo alikuwa ameandika, kama jambo lisilo na ubishi, kwamba Mohamed Atta, kiongozi wa watekaji wa ndege, alikutana na jasusi wa Iraki mjini Prague. Aliishikilia habari hiyo na kuunga mkono vita vya Iraki vya 2003. Tume iliyochunguza mashambulizi ilieleza katika ripoti yake ya 2004 kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono kuwapo kwa mkutano huo.

Kwa miaka yote nimekuwa nikigawa makala ya Alhamisi peke yake. Muhula ujao zitakuwa kwenye karatasi moja, ya Jumatatu mbele na ya Alhamisi nyuma, na jina limefunikwa pande zote mbili.