Je, wajua kwa nini simba wa Florida hawali jirani zao?

Ukipanda lori la Kilimanjaro Safaris, ndani ya bustani ya Disney's Animal Kingdom karibu na Orlando, kitu cha kwanza utakachokitafuta ni ua. Huuoni. Lori liko wazi pembeni, halina hata kioo. Twiga anakatiza barabara kwa maringo, dereva anasimama ampishe. Nyumbu wamejilaza, na juu ya jabali simba wamejinyoosha kama wenye nyumba. Mtu wa kwetu lazima ajiulize: hawa simba wameshiba sana, au wamefunzwa adabu?

Hawajafunzwa lolote. Ua upo, ila umezamishwa ardhini. Jabali la simba limezungukwa na handaki lenye kina na upana ambao simba hawezi kuuruka, na kingo zake zimefichwa kwa nyasi, vichaka na mawe. Wewe uliyeketi kwenye lori unaona majani ya upande huu na jabali la upande ule, jicho linaviunganisha, na shimo lililo katikati linapotea. Shuka utembee hatua chache (hawakuruhusu, usijaribu), utakuta bonde zima mbele ya miguu yako. Ndiyo maana barabara na kimo cha viti vilipangwa kwa makini: ujanja wote unategemea mahali jicho lako lilipo.

Ujanja wenyewe ni wa zamani. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, aliukatia hataza mwaka 1896, na mwaka 1907 akafungua bustani ya wanyama isiyo na vyuma mbele ya macho ya watu. Kabla ya hapo, huyohuyo alikuwa akiwazungusha Wanubi wa Sudan katika miji ya Ulaya watazamwe kama maonyesho, kwa hiyo tumsifu kwa handaki tu.

Kwa wanyama wa kwato kazi ni rahisi zaidi. Barabarani kuna sehemu zenye vyuma vilivyolazwa juu ya shimo, kama vile vya kwenye malango ya mashamba ya ng'ombe. Gurudumu linapita, kwato inaogopa. Kwingine maji ndiyo mpaka.

Barabara yenyewe inastahili kutazamwa. Inaonekana ni ya udongo mwekundu, imechimbika kwa mvua, ina alama za matairi na vijiwe. Ni zege tupu. Walilitia rangi, kisha likiwa bichi wakalikandamiza matairi na vijiti ili lifanane na njia ya porini. Mibuyu mikubwa unayoiona imejengwa kwa saruji, na vichuguu vingi havijawahi kukaliwa na mchwa. Miti mingine inayofanana na migunga ni mialoni ya Marekani iliyopogolewa hadi ikawa bapa juu. Na mlima Kilimanjaro haupo kabisa. Florida ni tambarare kama meza.

Swali la pili ni hili: porini unaweza kuzunguka tangu alfajiri usimwone simba hata mkia, kule inakuwaje unawaona karibu wote kwa dakika kama ishirini? Jibu ni chakula na ubaridi. Malisho hufichwa ndani ya miti na magogo bandia, upande unaoelekea barabarani, na twiga anajua pa kwenda kula. Jabali la simba limewekewa mitambo ya kulipooza, na jua la Florida likiwaka simba anachagua mwenyewe kulala pale pale unapotaka kumpiga picha. Hajalazimishwa. Amewekewa kiyoyozi.

Jioni hakuna anayewakimbiza kwa fimbo. Wanyama wamezoeshwa kurudi mabandani kwa sauti: kundi hili linaitwa kwa kengele, lile kwa filimbi, jingine kwa ngoma, na kila kundi linajua wito wake kwa sababu ndani chakula kinasubiri. Mchungaji yeyote wa Monduli angeelewa bila kuelezwa.

Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na lori huondokea kwenye mji wa kubuni unaoitwa Harambe, wenye kuta za chokaa zinazokumbusha Lamu na vibao vya Kiswahili. Kwa Mkenya inachekesha kidogo kuona kaulimbiu ya Mzee Kenyatta imegeuka jina la mji. Mimi ule mji wa bandia haunisumbui sana. Kinachonivutia ni kilichotoka huko kikarudi kwetu.

Mwaka 2006 vifaru weupe wawili, Nande na Hasani, walisafirishwa kutoka bustani hiyo hadi hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, Uganda, nchi ambayo vifaru wake wa porini waliuawa wote na majangili. Pale waliwakuta vifaru wengine walioletwa kutoka shamba la Solio, Kenya. Mwaka 2009 Nande alizaa dume, kifaru wa kwanza kuzaliwa Uganda baada ya zaidi ya miaka 25. Baba yake alikuwa Mkenya, mama yake Mmarekani. Walimwita Obama.