Chupa ya soya sosi haikaangi wali

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, simu ikalia. Picha. Sahani ya wali mweusi tii, umelala kama tope la bonde la Jangwani baada ya mvua za masika, na juu yake vipande viwili vya karoti vinaomba msaada. Chini yake ameandika: "Shefu, nimeweka soya sosi mpaka chupa imeisha, lakini bado haujawa wa Kichina. Niongeze nini?"

Aliyetuma ni mwanafunzi wangu, nampenda, simtaji. Lakini ni wa nne mwezi huu. Nimepika hotelini miaka kumi na moja kabla sijaanza kufundisha watu majumbani kwao, Sinza, Tabata, Mbezi, popote bodaboda inapofika, na sijawahi kuona imani inayoharibu chakula kama hii: kwamba mapishi ya kigeni yanakaa ndani ya chupa. Ukitaka Kichina, nunua soya sosi. Ukitaka Kiitaliano, nunua tomato. Isipokolea, mimina tena.

Tuanze huko wali wenyewe ulikotoka. Wali wa kukaanga wenye jina kubwa kuliko wote China unaitwa kwa jina la mji wa Yangzhou, mkoa wa Jiangsu. Una rangi gani? Mweupe, na manjano ya yai. Ndani kuna kamba, nyama ya nguruwe iliyokaushwa (asiyekula aweke kuku, hakuna atakayemshtaki), njegere, majani ya vitunguu, chumvi. Soya sosi haimo. Wenyeji wanauchukulia kwa uzito: mwaka 2015 mji ulitoa kiwango rasmi cha kuupika, na mwaka huohuo wakapika tani 4 na ushee kwa mkupuo mmoja wakitafuta rekodi ya Guinness. Wakaikosa, maana iligundulika sehemu ya wali ule imepelekwa kwa nguruwe. Hata hivyo, hata uliokwenda kwa nguruwe haukuwa mweusi.

Ziko aina nyingine za wali wa kukaanga zinazowekwa soya sosi, sikatai. Ila huwekwa kidogo, na huwekwa mwishoni. Kwa nini mwishoni? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Soya sosi sehemu kubwa ni maji. Maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100, na maadamu yamo kwenye chombo, chakula kilicholowa hakivuki hapo hata uwashe moto wa Jehanamu. Harufu ile ya kukaanga, ile inayokufanya ugeuze shingo ukipita kwa muuza chipsi, inaanza kujitengeneza chakula kikifika kama nyuzi 140 hivi. Sasa piga hesabu. Umeweka wali, wali una unyevu. Umeweka karoti na kabichi, zimetoa maji. Halafu unamwagia robo chupa ya sosi. Hapo hukaangi chochote, unachemsha wali kwenye maji ya chumvi yenye rangi. Yale maji yakija kukauka, sukari iliyomo kwenye sosi inaungua, wali unakuwa mchungu, na wewe unaona bado haujakolea. Unaongeza. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mwanafunzi wangu alimaliza chupa. Nilimwambia anywe maji.

Kwa hiyo kazi yako yote ni kupambana na maji. Anza na mchele. Mchele mpya uliotoka shambani juzi unatoa wali unaoshikana, ukipika kama ulivyozoea unapata bokoboko. Uliza sokoni, muuzaji mkweli atakuambia upi umekaa. Epuka wenye chenga nyingi. Kila punje iliyovunjika inaachia wanga, na wanga ndio gundi. Osha mpaka maji yawe karibu safi, pika kwa maji pungufu kidogo kuliko siku zote, na tui la nazi leo liache. Nalipenda tui kuliko watu wengi ninaowajua, ila hapa tunataka punje kavu. Wali wa nazi ule na samaki wake, usiukaange.

Halafu kiporo. Ndiyo, kile kiporo tulicholelewa nacho, cha asubuhi na chai ya rangi, ndicho malighafi ambayo Wachina wenyewe wanaitumia. Wali ukipoa wanga wake unajipanga upya na kukaza, juu ya punje panakauka, kila moja inasimama peke yake. Ukiutupa karaini hautoi maji, unakaangika. Watu wanashangaa nikiwaambia hivi, kana kwamba nimewaambia kanzu ya Idi ndiyo hiyohiyo ya shambani. Wanadhani chakula cha watu wa nje lazima kianze na kitu kipya.

Kuna jambo moja hapa silifanyii mzaha. Wali uliobaki usiku kucha kwenye sufuria mezani siyo kiporo ninachokisema. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, na Dar es Salaam mwezi wa pili kila kitu ni vuguvugu, anaamka na kuzaana, na baadhi yao wanatoa sumu ambayo hata ukaange upya namna gani haiondoki. Kwa hiyo ukishaiva, tandaza upoe upesi, na ndani ya saa moja uwe kwenye friji, umefunikwa. Umeme ukikatika usiku mzima, tupa. Najua utaniambia bibi yako alikula kiporo cha mezani mpaka akafika miaka tisini. Wangu pia. Na mimi nimekula utoto mzima bila kuumwa, au niliumwa tukasema ni upepo mbaya. Sina jibu zuri la kukushawishi kuhusu bibi zetu. Bado natupa.

Miaka mingi nilifundisha kwamba wali lazima ulale, na nilikuwa mkali kwa hilo. Halafu mwaka jana nikavamiwa na wageni, wali wa jana sina. Nikapika mpya, nikautandaza kwenye sinia chini ya feni ya darini, namba tano, dakika ishirini hivi, huku nikiugeuza na uma. Nilipoukaanga, tofauti na uliolala ilikuwa ndogo kiasi kwamba nisingeweza kuiapia. Labda ulikuwa laini kidogo. Labda nilikuwa natafuta kasoro ili nisiaibike kwa yote niliyowahi kusema. Siku hizi nasema hivi: kinachotakiwa ni ukavu. Usiku ni njia moja, feni ni nyingine.

Tuje kwenye moto, maana hapa watu wanajidharau bila sababu. "Shefu, mimi sina wok." Mama, una karai! Karai la maandazi, la chuma, lenye tumbo la mviringo, hilo ndilo. Na jiko la mkaa unaloliona la kishamba, makaa yakishashika na ukapepea mpaka yawe mekundu, linakupa moto ambao jiko lako la gesi la mezani haliwezi. Majiko ya migahawa ya Kichina yananguruma kama ndege inapaa. Jiko la mkaa halifiki huko, lakini linakaribia kuliko gesi. Toka nalo nje, kwanza usijifukize kwa moshi ndani, pili majirani wajue unapika nini.

Pasha karai tupu mpaka lianze kutoa moshi mwembamba. Mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya chakula. Mayai mawili uliyoyapiga, yanafura palepale. Yavuruge, yatoe yakiwa bado mabichi kidogo. Mafuta kidogo tena, kitunguu saumu na karoti ulizokata ndogondogo kama punje za mahindi, sekunde chache tu. Sasa wali. Vikombe viwili, usizidishe! Una watu sita? Kaanga mara tatu. Hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya chupa: mtu anajaza karai mpaka mdomoni, moto unazidiwa, mvuke unakosa pa kutokea.

Usitazame saa, sikiliza. Wali ukigusa chuma unatakiwa usikie mvua kubwa juu ya bati. Uache hivyohivyo kidogo ushike, ndipo ugeuze, ubandue, uutawanye tena. Ile mvua ikipungua na kuwa kama manyunyu, ujue maji yametoka: umejaza sana au moto umelala. Usiongeze kitu. Pepea, subiri mvua irudi. Ikirudi, rudisha mayai, tia majani ya vitunguu na chumvi. Na ukiitaka soya sosi yako, kijiko kimoja cha chai, uimimine kwenye ukingo wa karai, pale palipo tupu na moto mkali, siyo juu ya wali. Itachemka na kukauka kabla haijafika chini, na hapo ndipo inapotoa harufu. Geuza mara mbili, ipua.

Wakantoni, Wachina wa kusini, wana neno la harufu hiyo, wok hei, pumzi ya wok. Nimesoma maelezo mengi: mafuta yanayodaka moto hewani, chuma kilichokaa miaka, unyevu unaokauka upesi. Nadhani yote yamo. Ila nakiri kuna siku nafanya kila kitu sawasawa na pumzi haiji, na siku nyingine naongea na simu huku nakaanga na inakuja yenyewe.

Nikiwa bado na hasira, tupite kwenye spageti. Mafuta kwenye maji ya kuchemshia hayazuii kushikana. Yanaelea! Umeshaona mafuta yakizama? Yanakaa juu yakisubiri umwage maji, ndipo yanazipaka tambi, na mchuzi wako unateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Kinachozuia kushikana ni maji mengi, kama lita 1 kwa kila gramu 100, na kukoroga dakika mbili za mwanzo. Na tafadhali, usizisuuze kwa maji ya bomba kama unaosha miguu. Ule wanga unaousuuza ndio unaoshika mchuzi. Napoli wana chakula kinaitwa aglio e olio, maana yake kitunguu saumu na mafuta, na kweli ni hivyo tu, pamoja na pilipili na majani kidogo: kaanga saumu kwa moto mdogo mpaka ianze kuwa dhahabu, tia spageti iliyokaribia kuiva, mimina upawa wa yale maji uliyotaka kumwaga, tikisa sana. Wanga unayaunganisha mafuta na maji yawe mchuzi mzito unaong'aa. Hakuna tomato humo. Ni dakika kumi na tano, na bei yake inakaribia ya sahani ya chipsi.

Na shakshuka, kwa wale mnaoniuliza kifungua kinywa cha wageni: kitunguu, hoho, nyanya za kuiva sana, binzari nyembamba, pilipili. Acha mchuzi uwe mzito kabisa, chimba mashimo kwa kijiko, vunja yai katika kila shimo, funika. Asili yake ni Afrika Kaskazini, na hakuna kiungo hata kimoja usichokipata soko la Kisutu au kwa mama wa genge. Kosa la wote: nyanya bado majimaji, mayai yanazama. Maji, tena.

Wahispania nao wana tortilla yao ya viazi na mayai. Hiyo nikiifundisha naanza kwa kuuliza nani ameshakula chipsi mayai. Mikono yote inapanda. Basi mmeshafika nusu ya safari, nawaambia. Tofauti ni kwamba viazi vyao hukatwa vyembamba na kuiva polepole kwenye mafuta mpaka vilainike, siyo kukauka, na tomato ya chupa haigusi. Hapo mkono mmoja au miwili hushuka.

Mwanafunzi wangu wa Jumamosi alirudi jana. Picha nyingine: punje zimetengana, yai linaonekana, karoti zimepata heshima. Rangi yake ilikuwa ya kahawia hafifu, kidogo tu kuzidi ninavyopenda. Nikamuuliza sosi ameweka kiasi gani. Juu ya simu pakatokea "anaandika". Pakapotea. "Anaandika." Pakapotea tena. Nikaweka simu chini, nikaenda kupepea jiko langu.