Nani Hasa Anayehamia Bonde la Coachella?

Anayesoma matokeo ya sensa ya Marekani ya mwaka 2020 anaweza kudhani kwamba Palm Springs, mji wa mapumziko unaojulikana zaidi katika jangwa la kusini mwa California, haumvutii mtu tena. Mwaka 2010 ulikuwa na wakazi 44,552. Miaka kumi baadaye walikuwa 44,575, yaani nyongeza ya watu 23 tu. Katika muda huohuo mji wa Indio, ulio mashariki ya Bonde la Coachella, ambalo Palm Springs upo magharibi yake, ulitoka wakazi 76,036 hadi 89,137. Mimi ninayechambua takwimu za makazi huona kwamba wengi wanaoandika kuhusu ongezeko la watu jangwani huchanganya makundi mawili yasiyofanana.

Kundi la kwanza ni la wanaofuata majira ya baridi. Mlima San Jacinto, wenye urefu wa mita 3,302, huzuia mawingu yatokayo Pasifiki, hivyo mwezi Januari, wakati majimbo ya kaskazini yamefunikwa na theluji, mchana wa bondeni huwa na jua na joto la nyuzi 21 hivi. Wastaafu wengi hununua nyumba huko, wakakaa miezi michache, kisha wakaondoka kabla ya kiangazi, na sidhani kuna wa kuwalaumu: tarehe 5 Julai 2024 joto la Palm Springs lilifikia nyuzi 51. Sensa humhesabu mtu mahali anapoishi sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo nyumba zao huonekana kwenye takwimu kama nyumba tupu ilhali barabara na mikahawa hujaa kila Februari. Ndiyo maana La Quinta, mji mwingine wa bonde hilo, uliopanda kutoka watu 11,215 mwaka 1990 hadi 37,467 mwaka 2010, ulionekana kusimama ghafla kwenye 37,558 mwaka 2020.

Kundi la pili ndilo linalokuza idadi yenyewe, ingawa matangazo ya nyumba hayalitaji. Hawa ni wahudumu wa hoteli, wauguzi, mafundi wa viyoyozi, watunza bustani na vibarua wa mashamba ya tende, pamoja na watoto wao, ambao hutafuta makazi Indio na katika mji uitwao Coachella kama bonde lenyewe, kwa sababu huko nyumba huwa nafuu kuliko magharibi. Nyumba ya msimu huzaa kazi ya mwaka mzima; bwawa la kuogelea lazima lisafishwe hata mwenyewe asipokuwapo.

Anayefikiria kununua nyumba magharibi ya bonde ajue pia kwamba sehemu ya ardhi ni mali ya kabila la Agua Caliente la Wakahuila, wenyeji asilia wa eneo hilo. Katika karne ya 19 serikali iliigawa ardhi hiyo mrabamraba kama ubao wa drafti, kipande kwa kampuni ya reli na kipande kwa kabila, na mgawanyo huo umebaki hadi leo. Mtu anaweza kumiliki nyumba huku akiikodi ardhi iliyo chini yake, na miaka iliyobaki ya mkataba huathiri bei na mkopo wa benki. Mimi ningeuliza jambo hilo kabla ya kuuliza lolote kuhusu gofu.

Maji nayo hayafuati idadi ya watu. Bonde hutegemea maji ya ardhini, ambayo tangu mwaka 1973 hujazwa pia kwa maji ya Mto Colorado yanayoachwa yazame mchangani. Sehemu kubwa ya maji ya mijini humwagiliwa nje ya nyumba, kwenye bustani na viwanja vya gofu ambavyo ni zaidi ya mia moja, na kiu ya nyasi hizo hufikia kilele Julai na Agosti, wakati ambapo wakazi wa msimu wameshaondoka na bonde lina watu wachache kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.