Mchanga Mkavu, Maji Chini: Dhana Potofu Kuhusu Vihisi vya Unyevu Jangwani

Al Batinah, pwani ya kaskazini ya Oman, mitende, mindimu na majani ya mifugo huishi kwa maji ya visima. Pampu zimevuta kwa miongo mingi hata maji ya bahari yakapenya chini ya ardhi, na mashamba ya karibu na ufuo yakaingiwa na chumvi. Kwenye ardhi kama hiyo, kihisi cha unyevu kinachochomekwa udongoni kina kazi ya kweli, ila si ile ambayo wengi wanaidhania.

"Udongo ukikauka juu, mmea una kiu."
Jua la jangwani hukausha tabaka la juu kwa saa chache. Fukua sentimita 30, huenda ukakuta mchanga ungali wa baridi na umelowa. Ndiyo maana vihisi huwekwa kwa vina tofauti: cha juu hueleza wakati wa kufungua koki, cha chini wakati wa kuifunga. Ningekuwa na pesa ya kimoja zaidi, ningeongeza cha chini.

"Asilimia 10 ni ukame."
Ukame wa udongo gani? Kwenye mchanga mtupu, maji ya asilimia 10 ya ujazo wa udongo yaweza kuwa ndiyo shibe yenyewe. Kwenye udongo wa mfinyanzi, unaong'ang'ania maji, kwa kipimo hicho mmea umekwisha kunyauka zamani. Kwa hiyo usiazime viwango vya jirani. Lowesha shamba lako barabara, subiri maji ya ziada yashuke (kwenye mchanga siku moja yatosha), kisha soma: hapo ndipo shibe yako. Chumvi nayo ina hila zake, kwani huvifanya vihisi vingi vya umeme, hasa vya bei nafuu, vione maji mengi kuliko yaliyopo. Tensiomita, bomba lililojazwa maji lenye ncha ya kauri, linalopima jinsi udongo unavyovuta maji, haidanganyiki hivyo na yenye geji ya kawaida haihitaji betri.

"Maji yakipita mizizi ni hasara."
Si kila mara. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, lazima mara mojamoja uzidishe kwa makusudi ili chumvi isukumwe chini. Bila hivyo hujilimbikiza pembeni mwa duara linaloloweshwa na matone ya umwagiliaji. Mtende utavumilia, mndimu hautavumilia.

"Kihisi huokoa maji."
Anayeokoa ni mwenye koki. Milimita moja juu ya hekta moja ni lita 10,000, kwa hiyo kupunguza milimita 2 tu kwa siku si jambo dogo. Lakini maji hayo yakipelekwa kunywesha shamba jipya, kisima hakijapumzika.

"Chomeka popote."
Kwenye umwagiliaji wa matone, kichomekwe ndani ya eneo linalolowa, karibu na mizizi, na udongo ukishike pande zote. Ukiacha upenyo wa hewa, kitasoma ukame na pampu itawashwa bure.