Sanamu Hii Ataiosha Nani?

Watu wakisikia mimi ni mshauri wa sanaa za hadharani, hudhani nashinda kwenye maonyesho nikichagua vitu vizuri. Laiti ingekuwa hivyo! Siku nyingi utanikuta nimeinamia ramani ya mabomba, nabishana na mhandisi kuhusu kina cha msingi.

Anayeniita huwa ni mji, hospitali au mwenye jengo kubwa: fedha za sanaa anazo, pa kuanzia hapajui. Mara nyingi fedha hizo zimetengwa na sheria. Ufaransa iliagiza asilimia 1 ya gharama za majengo ya shule iende kwenye sanaa tangu 1951, na Philadelphia ikatangulia miji ya Marekani mwaka 1959. Naandika mpango: sanaa ikae wapi, ya nani, kwa bajeti ipi. Kisha natangaza mwito kwa wasanii, naitisha kamati ya uteuzi, nasimamia mkataba. Ningependa msanii aingie mapema, michoro ya jengo ikiwa bado inafutika. Zege likishamwagwa, atapewa ukuta uliobaki.

Kabla ya kuandika chochote naenda kukaa pale pahali, asubuhi, mchana na jioni. Natazama watu wanakatiza wapi, wanajibanza kwenye kivuli gani. Mwaka 1981 mchongaji Mmarekani Richard Serra alisimamisha Tilted Arc, ukuta wa chuma wa mita 36 hivi, katikati ya uwanja wa ofisi za serikali kuu New York. Waliozoea kuvuka moja kwa moja ikabidi wazunguke, na Serra alikusudia hivyo hasa. Kwenye kikao cha hadhara cha 1985, wazungumzaji 122 kati ya 180 waliutetea. Hata hivyo ulikatwa vipande na kuondolewa usiku, Machi 1989. Wenzangu wengi wanalaumu walioung'oa. Mimi nawalaumu zaidi waliouagiza bila kuwaandaa wanaopita pale kila siku.

Nami nina kosa langu. Miaka ya mwanzo nilipitisha sanamu ya chuma kisichoshika kutu juu ya jukwaa la jiwe jeupe. Nilikagua kila kiungo isipokuwa bolti. Fundi alikuwa ametia za chuma cha kawaida, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, ile dhaifu huliwa haraka. Mvua chache tu, michirizi ya rangi ya chai ikateremka kwenye jiwe. Tulisugua, haikutoka. Mteja hakusema neno. Alinitumia picha tu.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa msanii ni: hii ataiosha nani? Cloud Gate, sanamu ya chuma kinachong'aa kama kioo ya msanii Anish Kapoor pale Chicago, inameta kwa sababu kuna watu wanaoifuta sehemu ya chini kila siku, vidole vya wageni vinapofika. Huo ni mshahara wa mtu, na lazima uwe kwenye bajeti.

Wanaoniuliza waingieje kazi hii, mlango si mmoja: nimefanya kazi na waliokuwa wasanifu majengo, wachongaji, hata mwanasheria. Ila usipokee kamisheni ya msanii huku unalipwa na mteja. Na mkatabani uwepo ukurasa wa matunzo: sabuni ipi, kitambaa kipi, ngazi ya urefu gani, na bolti za metali gani.