Saratani ya tezi dume inapofika kwenye mifupa

Saratani ya tezi dume ikifika kwenye mifupa haigeuki kuwa saratani ya mifupa. Seli zilizoota kwenye pingili za mgongo, nyonga, mbavu au paja bado ni seli za tezi dume, na bado hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni. Ndiyo maana sindano ya kushusha homoni, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo, huweza kutuliza maumivu ya kiuno.

Homoni hushushwa kwa sindano, kwa mfano goserelini ya miligramu 3.6 kila siku 28, au kwa upasuaji wa kuondoa korodani. Matokeo yanalingana, ila sindano ikicheleweshwa homoni inaweza kupanda tena. Jambo lisiloelezwa vya kutosha ni kwamba sindano za aina hii, mwanzoni, huipandisha homoni kwa wiki moja au mbili kabla ya kuishusha. Kama uvimbe umekaribia ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, muda huo unaweza kumpoozesha mtu, hivyo kwanza hupewa vidonge vya kuizuia homoni isifanye kazi, kama bikalutamidi. Kwa wagonjwa wengi huongezwa mapema dawa za kumeza za kuizuia homoni zaidi, abirateroni au enzalutamidi, au tibakemikali ya dositakseli. Kuziweka dawa hizi akiba hadi mgonjwa adhoofike ni kumpotezea muda. Abirateroni humezwa tumbo likiwa tupu, kwa kuwa chakula hupandisha kiwango chake kwenye damu kupita kiasi, na huambatana na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi.

Kwenye picha, mfupa ulioshambuliwa mara nyingi huonekana mweupe na mzito, kana kwamba umeimarika. Umejengwa ovyo tu, na huvunjika. Ugonjwa ukianza kukaidi tiba ya homoni, mifupa hukingwa kwa dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 4 kwa muda usiopungua dakika 15, au sindano ya denosumabu. Kabla ya hapo hupimwa figo na kalsiamu, na meno mabovu hung'olewa mapema, kidonda kipone. Jino likitolewa wakati dawa tayari inatumika, mfupa wa taya unaweza kufa na kubaki wazi mdomoni.

Sehemu moja inayouma sana hutibiwa kwa mionzi, na mara nyingi dozi moja ya gray 8 (gray ni kipimo cha mionzi) inatosha. Maumivu huweza kuzidi siku za mwanzo, na nafuu kamili ikachukua hata wiki nne. Wakati huo mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hunywewa kwa saa, kila saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, na dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyo hiyo. Uraibu, ambao familia huuogopa sana, ni nadra mofini inapotumika hivi. Kufunga choo ndiko huwakuta karibu wote. Ibuprofeni na jamii yake zisinunuliwe kienyeji, kwani figo huenda tayari zina mzigo.

Hatari ambayo kila anayemuuguza anapaswa kuijua ni ugwe mgongo kubanwa. Maumivu ya mgongo huongezeka akilala chali au akikohoa, au humzunguka kifuani kama mkanda. Kisha miguu hulegea, hujikwaa, ganzi huingia mapajani na sehemu za siri, na mkojo hukataa kutoka. PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ikiwa imeshuka isiwatulize. Msingoje kliniki ya wiki ijayo. Mlazeni chali, mgongo ukiwa umenyooka, na afikishwe hospitali siku hiyo kwa MRI (picha ya kina inayopigwa kwa sumaku) ya mgongo mzima, deksamethasoni ya kupunguza uvimbe unaobana, kisha mionzi au upasuaji. Anayefika akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku mbili ni nadra kusimama tena. Pale mapokezi msiseme "mgongo unamuuma", maana atapangwa foleni na kupewa dawa ya maumivu. Semeni: ana saratani ya tezi dume kwenye mifupa, na miguu imeanza kulegea.