Maziwa Hayakati Sumu ya Shambani: Maswali na Majibu

Viuatilifu ni nini?
Ni sumu za kuua wadudu, magugu au ukungu wa mazao. Utepe mwekundu kwenye lebo ni sumu kali kupita zote.

Inaingiaje mwilini na sijainywa?
Kwa ngozi na kwa pumzi. Bomba linalovuja mgongoni linatosha. Wakulima wa nyanya wanaletwa zahanati na shati lile lile walilopulizia, limelowa, sumu bado inaingia! Vua hapo hapo shambani, uoge kwa sabuni na maji mengi.

Dalili zake?
Jasho, mate na machozi mengi, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kuchezacheza, kifua kubana. Tafadhali, usimeze dawa ya malaria ukasubiri kesho.

Maziwa si yanakata sumu?
Hayakati.

Hata mabichi, ya moto kutoka kwa ng'ombe?
Hayakati. Mgonjwa aliyelegea akinyweshwa, maziwa huingia mapafuni. Viuatilifu vya oganofosfati, jamii moja ya sumu za wadudu, hukifunga kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, hivyo tezi na misuli hufanya kazi bila kupumzika mpaka pumzi inakwama. Maziwa hayafiki huko. Hospitalini kuna atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na oksijeni. Muda mnaozunguka kijijini kutafuta maziwa, tafuteni pikipiki.

Jirani yangu alikunywa akapona.
Alipata sumu kidogo. Angepona hata bila maziwa. Aliyepata nyingi hayupo wa kukusimulia. Nasema tena: hayakati.

Basi tumtapishe?
Hapana. Viuatilifu vingi vimeyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa, vinavyoweza kuingia mapafuni na kuyaharibu vikirudi juu. Mlaze ubavu, mwondoke naye sasa hivi, na kopo lenye lebo mkononi.

Naweza kuosha bomba mferejini?
Usioshe. Mifereji ya Kilimanjaro inapita mlangoni kwa watu, na chini yako kuna mama anachota maji ya uji wa mtoto. Mito ya Weruweru na Kikuletwa inaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua samaki. Sumu inayoua kantangaze, mdudu wa nyanya, inaweza kuua pia samaki na nyuki. Suuza kopo mara tatu, maji yake yamimine ndani ya bomba uyapulizie shambani, kisha litoboe. Nimeona makopo hayo yakibebea mafuta ya kula. Acheni.

Nikipulizia leo, nichume kesho niwahi soko?
Soma siku za kusubiri kwenye lebo. Kama ni saba, nyanya ya kesho usiipeleke soko la Kilombero wala la Mbuyuni.